Maswali ya Wasomaji: Je, Hewa Inayobeba Sauti Imetulia?

Barua kuhusu sauti zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo katika toleo hili, kwa hiyo nimechagua nne tu ambazo, ingawa waandishi wake hawafahamiani, zinakamilishana. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu inagusa jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita upesi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Katika mada ya joto huwafundisha wanafunzi kwamba mfumo ulio katika msawazo wa kithemodinamikia una halijoto moja na kanieneo (msukumo kwa kila eneo) moja kila mahali, na kwamba haubadiliki kadiri muda unavyopita. Wiki chache baadaye tunaingia katika mada ya mawimbi, na hapo nawaambia kwamba sauti ni migandamizo na mitanuko inayopita hewani, maana yake kanieneo si moja kila mahali na haitulii hata kidogo; hata hivyo, kasi ya sauti tunaikokotoa kwa kanuni zilezile za gesi iliyotulia. Mwanafunzi mmoja alisimama akauliza kama hatujipingi. Nilimjibu kwamba mabadiliko yale ni madogo mno, lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba sikumjibu. Naomba msaada.

JIBU: Mwalimu, swali la mwanafunzi wako lina undugu na lile lililowasumbua wanafizikia wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 100, kwa hiyo usijilaumu kwa kukosa jibu lake ubaoni. Ugumu unaanzia pale tunapolichukulia neno msawazo kana kwamba ni lazima lihusu chumba kizima, la sivyo halihusu kitu chochote. Msawazo daima ni kati ya kitu na jirani yake, tena huchukua muda kufikiwa, na muda huo hutegemea umbali uliopo kati ya hao majirani.

Fikiria bei ya nazi. Ndani ya soko moja bei hulingana kabla jua halijapanda, kwa sababu wanunuzi hupita meza hadi meza wakiulizia, na muuzaji anayezidisha hubaki na nazi zake. Lakini bei ya Tanga na bei ya Morogoro zinaweza kuachana kwa siku kadhaa, mpaka lori lipakiwe, lisafiri na kufika. Katika siku hizo ni kweli kwamba kila soko lina bei yake iliyotulia, na ni kweli vilevile kwamba masoko hayo mawili hayajalingana. Hakuna anayeona kujipinga hapo, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba kulingana kwa meza na meza ni kazi ya asubuhi moja, ilhali kulingana kwa mji na mji ni safari.

Hewa nayo iko hivyo, ila tofauti ya muda kati ya hayo mawili ni kubwa zaidi. Chukua kipande cha hewa chenye umbo la mchemraba, kila upande ukiwa sehemu ya kumi ya milimita. Ni kidogo mno kulinganishwa na wimbi la sauti, lakini katika usawa wa bahari kimebeba molekuli zipatazo trilioni 25. Kila molekuli hugongana na wenzake takriban mara bilioni 7 kwa sekunde, na kutoka mgongano mmoja hadi mwingine husafiri wastani wa nanomita 66 hivi, umbali ambao ni mdogo mara elfu moja hivi kuliko unene wa unywele. Noti ya muziki ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, huchukua milisekunde 2.3 kukamilisha mtetemo mmoja, na katika muda huo kila molekuli imekwisha kugongana zaidi ya mara milioni 15. Migongano michache tu inatosha kwa molekuli kugawana nishati ya mwendo wao mpaka mgawanyo wa kasi zao uwe ule ambao themodinamikia, yaani sayansi ya joto, inautarajia. Ndiyo maana kipande kile, wakati wowote ule, kina halijoto yake na kanieneo yake, na kanuni za gesi zinakihusu kikamilifu. Jirani yake aliye umbali wa nusu ya urefu wa wimbi, sentimita 39 kutoka hapo, naye ana halijoto yake na kanieneo yake, ambazo si zile. Wanafizikia huita hali hii msawazo wa mahali: kila kipande kimetulia ndani yake, lakini vipande havijalingana vyenyewe kwa vyenyewe. Sauti si kitu kingine ila ni jinsi kutolingana huko kunavyosafiri.

Jibu lako kwamba mabadiliko ni madogo ni la kweli kwa idadi. Mazungumzo ya kawaida hutikisa kanieneo kwa kiasi cha paskali (kizio cha kanieneo) 0.02 hivi, ilhali kanieneo ya hewa katika usawa wa bahari ni paskali 101,325, maana yake sehemu moja kati ya milioni 5. Udogo huo hurahisisha hesabu sana, kwa kuwa unaturuhusu kuacha nje vipengele vingi vinavyoifanya iwe ngumu. Lakini hauleti msawazo, na hauwezi kuamua ni kanuni ipi ya gesi itumike, kama historia inavyoonyesha vizuri.

Isaac Newton ndiye aliyekokotoa kasi ya sauti kwa mara ya kwanza kutokana na sifa za hewa yenyewe, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687. Kwa lugha ya leo, alichukua kanieneo, akaigawa kwa densiti (uzito wa hewa katika ujazo fulani), kisha akatafuta kipeuo cha pili. Ukifanya hivyo kwa hewa ya nyuzi 20 unapata mita 290 kwa sekunde. Yeye mwenyewe, kwa vipimo vya densiti alivyokuwa navyo, alifikia futi 979, ambazo ni takriban mita 298. Mwanzoni mwa karne ya 18 kasisi mmoja wa Kiingereza, William Derham wa Upminster, alipanda kwenye mnara wa kanisa lake na darubini, akawa anatazama mwako wa bunduki na mizinga iliyopigwa mbali na kupima muda mpaka mlio umfikie. Alipata futi 1,142 kwa sekunde, ambazo ni takriban mita 348. Pengo la namna hiyo halikuweza kusingiziwa saa mbovu.

Katika toleo la pili la mwaka 1713, Newton aliliziba pengo hilo kwa kudai kwamba chembe za hewa zina unene ambao sauti huuvuka papo hapo bila kutumia muda, na kwamba mvuke uliomo hewani haushiriki katika mtetemo. Akajumlisha futi 109 kwa sababu ya kwanza, akaongeza sehemu moja ya ishirini kwa sababu ya pili, akafika kwenye 1,142 kamili, bila kubakisha hata futi moja. Namheshimu Newton kuliko ninavyoweza kueleza, lakini hicho kilikuwa kiraka, na wenye macho walikiona kuwa ni kiraka.

Kosa lenyewe lilikuwa katika msawazo. Kanuni aliyoitumia Newton ni ile isemayo kwamba kanieneo ya gesi huongezeka kwa uwiano uleule ambao gesi imebanwa, na kanuni hiyo ni kweli endapo tu halijoto haibadiliki. Kwa kuitumia, Newton alikuwa amesema, pasipo kutamka, kwamba mahali hewa inapobanwa na mahali inapotanuka hubaki na halijoto moja, maana yake joto hupata nafasi ya kutoka kwenye mgandamizo na kufika kwenye mtanuko kabla wimbi halijageuka. Kila fundi baiskeli anajua kwamba pampu ikisukumwa kwa nguvu hupata moto karibu na mdomo wake, kwa sababu hewa inayobanwa bila kupewa njia ya kutoa joto hupanda halijoto. Mfaransa Pierre-Simon Laplace, katika maelezo mafupi aliyoyachapisha mwaka 1816, alionyesha kwamba hivyo ndivyo ilivyo katika sauti: mgandamizo hupata joto kidogo, mtanuko hupoa kidogo, na joto halina nafasi ya kuvuka kutoka hapa hadi pale. Badiliko la namna hiyo, ambalo joto haliingii wala halitoki, huitwa la kiadiabati. Hewa iliyobanwa hivyo husukuma zaidi kuliko Newton alivyodhani, na kasi hupanda kwa kipeuo cha pili cha 1.4, idadi ambayo ni uwiano wa joto mahususi mbili za hewa (joto linalohitajika kuipandisha nyuzi moja), moja ikipimwa kanieneo ikiwa haibadiliki na nyingine ujazo ukiwa haubadiliki. Mita 290 zinakuwa 343. Mwaka 1822 kundi la wanasayansi lililowajumuisha Arago, Gay-Lussac na Humboldt lilipiga mizinga kati ya Villejuif na Montlhéry, karibu na Paris, likapata takriban mita 341 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 16. Kiraka kikawa hakina kazi tena.

Sasa rudi kwenye neno udogo. Katika mazungumzo ya kawaida, halijoto ya hewa hupanda na kushuka kwa sehemu 17 tu za milioni za nyuzi moja, kiasi ambacho ngozi haiwezi kukihisi kamwe. Lakini kiasi hicho kisichohisika kinabadilisha kasi ya sauti kwa asilimia 18, kwa sababu nyongeza ya kanieneo tunayoilinganisha nayo ni ndogo vivyo hivyo, na kinachohesabiwa ni uwiano kati ya hayo mawili. Ungeipunguza sauti mara elfu, uwiano ungebaki palepale. Hapo ndipo jibu lako kwa mwanafunzi lilipokosa nguvu.

Naomba uniruhusu nisahihishe na jambo jingine ambalo huenda nawe unalifundisha, kwa kuwa mimi mwenyewe nililifundishwa na kulikariri kwa miaka mingi. Husemwa kwamba badiliko ni la kiadiabati kwa sababu sauti hutetema haraka mno, joto likakosa wakati. Ingekuwa hivyo, sauti nene zenye mitetemo michache zingelikaribia wazo la Newton kuliko sauti nyembamba, lakini mambo ni kinyume chake. Muda unapopungua umbali nao unapungua, na umbali hupungua upesi zaidi ya uwezo wa joto kuuvuka. Kwa sauti ya hezi 100, nusu ya urefu wa wimbi ni mita 1.7, na katika nusu ya mtetemo joto huweza kusambaa hewani kwa takriban thuluthi moja ya milimita. Uwiano wake ni zaidi ya 5,000. Kwa sauti ya hezi 10,000, umbali ni milimita 17 na joto husambaa kwa sehemu 3 za mia za milimita, uwiano ukiwa 500 na kidogo. Sauti nene, basi, ndiyo ya kiadiabati zaidi. Kinachozuia joto ni urefu wa safari, kama lori la nazi. Ukipandisha mitetemo kufikia mabilioni kwa sekunde, urefu wa wimbi unakaribia ule umbali wa nanomita baina ya mgongano na mgongano, na hapo hata msawazo wa mahali unavunjika, neno halijoto likabaki halina maana katika kipande kimoja cha wimbi. Jambo kama hilo hutokea pia katika uso wa wimbi la mlipuko, ambao unene wake ni wa njia chache tu za molekuli. Mwambie mwanafunzi wako kwamba kanuni za gesi zina mpaka, na kwamba sauti tunayoisikia iko mbali sana na mpaka huo.

SWALI: Naishi Mombasa, upande wa Kisauni. Adhana ya alfajiri ya msikiti ulio mbali naisikia nikiwa kitandani, neno kwa neno. Adhana ya adhuhuri ya msikiti huohuo, kwa vipaza sauti vilevile, siisikii kabisa. Jirani yangu asema ni kwa sababu mchana kuna kelele. Mimi naona kuna zaidi ya hilo. Nani ana haki?

JIBU: Nyote wawili, lakini wewe zaidi. Kelele za matatu na bodaboda zina sehemu yake, lakini hata kwenye mashamba yasiyo na gari tofauti hiyo ipo.

Kasi ya sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya halijoto: mita 331 kwenye nyuzi sifuri, 343 kwenye nyuzi 20, 349 kwenye nyuzi 30. Adhuhuri ardhi imepigwa na jua, hewa iliyo karibu nayo ni ya moto na hewa ya juu ni ya baridi zaidi. Sehemu ya chini ya wimbi hukimbia kuliko sehemu ya juu, kwa hiyo wimbi zima hupinda kuelekea juu, kama safu ya askari wa gwaride ambao walio upande mmoja wanatembea upesi kuliko wa upande wa pili. Sauti hupita juu ya kichwa chako na kukuacha katika kivuli. Alfajiri ardhi imekwisha poa usiku kucha, hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu, na wimbi hupinda kurudi chini. Tofauti ya nyuzi 5 katika mita 100 za kwanza za kimo inatosha kuipinda sauti kwa makumi ya mita katika safari ya kilomita 2, na hiyo ndiyo inayoirusha juu ya paa na minazi kisha kuishusha dirishani mwako. Osborne Reynolds wa Manchester aliyaeleza haya katika miaka ya 1870. Upepo nao huongeza au hupunguza kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa aghalabu huvuma kwa nguvu zaidi juu kuliko chini. Anayesimama upande unakoelekea upepo husikia, anayesimama upande unakotoka hukosa.

Nimeiweka barua hii baada ya ile ya Morogoro kwa makusudi, kwa sababu inasaidia kuurekebisha ule ufafanuzi wa ubaoni. Ukichukua mnara wa hewa uliofungwa, ukauacha mpaka utulie kabisa bila jua wala upepo, halijoto yake itakuwa moja kuanzia chini hadi juu, lakini kanieneo haitakuwa moja, kwa kuwa hewa ya chini inabeba uzito wa hewa ya juu yake. Kanieneo moja kila mahali ni sharti la msawazo pale tu ambapo nguvu ya mvutano inaweza kupuuzwa, kama ndani ya chupa. Anga ya Mombasa haiko katika msawazo wa joto mchana wala usiku. Lakini kila kipande chake kidogo kimetulia ndani yake, na ndiyo sababu tunaweza kuzungumza juu ya halijoto ya hewa ya chini na ya juu, na kukokotoa njia ya adhana.

SWALI: Mimi ni mpagazi wa watalii mlimani, natokea Moshi. Kiongozi wetu husema kule kileleni sauti huenda polepole kwa sababu hewa ni nyepesi. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli kwamba huenda polepole, lakini si kwa sababu hiyo. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ni takriban nusu ya ile ya pwani, na densiti nayo imepungua kwa karibu kiwango hichohicho. Na kwa kuwa kasi hutokana na kugawanya moja kwa nyingine, upungufu huo hufutana. Kinachobaki ni halijoto. Ikiwa ni nyuzi 7 chini ya sifuri, sauti husafiri kwa takriban mita 327 kwa sekunde, na ingesafiri kwa kasi hiyohiyo katika chumba cha barafu Dar es Salaam chenye halijoto hiyo. Unachokihisi kule juu ni kwamba mtu akiita sauti yake hupwaya, na hilo ni jambo jingine: koo, kama ngozi ya ngoma, halipati hewa ya kutosha ya kuisukuma.

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Tanga harusi ikipigiwa taarabu mtaa wa mbali, usiku nasikia besi na ngoma tu, fidla na maneno ya mwimbaji yamepotelea njiani. Yamekwenda wapi? Mwanangu ananiambia nishati haipotei.

JIBU: Mwanao amesema kweli, na swali lako linafunga mzunguko tuliouanza Morogoro, kwa sababu fidla imeliwa na msawazo uliochelewa.

Kwanza tuweke kando kinachozikumba sauti zote kwa usawa: kadiri unavyokwenda mbali, nishati ileile hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, na kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6. Hilo haliwezi kuitenga fidla na ngoma. Kinachoitenga ni hewa yenyewe kunyonya sauti nyembamba zaidi ya sauti nene. Mwaka 1845 George Stokes alihesabu sehemu inayotokana na mnato wa hewa, yaani msuguano wa tabaka la hewa na tabaka la jirani, na mwaka 1868 Gustav Kirchhoff akaongeza sehemu ya lile joto linalovuja kutoka mgandamizo hadi mtanuko. Nilisema joto halina nafasi ya kuvuka. Ukweli kamili ni kwamba linavuja kidogo sana, na uvujaji huo haurudishwi.

Hata hivyo, hesabu za hao wawili zilipolinganishwa na vipimo vya sauti nyembamba, hewa ilionekana kunyonya zaidi ya ilivyopaswa. Vern Knudsen, aliyekuwa akifanya kazi huko Los Angeles, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwamba muda wa mwangwi kufifia ndani ya chumba chake cha majaribio ulibadilika kulingana na unyevu wa hewa, ingawa kuta zilikuwa zilezile. Maelezo yake yalipatikana muda mfupi baadaye. Molekuli ya oksijeni ni kama mipira miwili iliyounganishwa kwa springi: inaweza kusafiri, inaweza kuzunguka, na inaweza pia kutetema ndani yake. Wimbi linapoibana hewa, nishati huingia kwenye mwendo na mzunguko baada ya migongano michache tu, lakini katika hewa kavu ule mtetemo wa ndani husubiri migongano mingi mno kabla haujapata fungu lake. Inapofika zamu yake wimbi limekwisha geuka, mtanuko umeanza, na nishati iliyokopwa inarudishwa ikiwa imechelewa, pale ambapo haisaidii tena kusukuma. Mvuke wa maji huharakisha mgawo huo, ndiyo maana unyevu ukapewa usemi mkubwa kiasi hicho. Albert Einstein alikuwa ameshaandika juu ya wazo la jamaa na hili mwaka 1920, akichunguza sauti katika gesi ambayo molekuli zake zinavunjika na kuungana tena kwa kuchelewa.

Idadi zenyewe zinashangaza. Kwa hewa inayofanana na ya pwani yetu, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, sauti ya hezi 4,000, ambamo mna mng'ao wa fidla na herufi kama s na f za mwimbaji, hupungua kwa desibeli 23 hivi kwa kila kilomita, na kubakiza sehemu moja kati ya 200 ya nguvu yake, bila kuhesabu ule mtandazo. Katika hewa kavu ya nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 20, sauti hiyohiyo hupungua kwa desibeli 89. Ngoma ya hezi 125 hupoteza chini ya desibeli moja katika hali zote mbili. Kwa hiyo Tanga, pamoja na jasho lake, mmebahatika. Harusi ileile ikipigwa mahali pakavu pa baridi, fidla ingekufa mapema zaidi.

Nishati yote hiyo imegeuka kuwa joto. Usijaribu kulitafuta kwa kipimajoto. Mtu anayezungumza kwa sauti ya kawaida hutoa hewani takriban sehemu 10 za milioni za wati moja, na lau sauti yake yote ingekusanywa kwenye kikombe chenye gramu 200 za maji, angehitaji kuzungumza bila kupumzika kwa zaidi ya miaka 150 ili maji hayo yatoke nyuzi 25 na kufika nyuzi 85 za kutengenezea chai, tena kwa sharti kwamba kikombe hakipoi.

Na baada ya harusi kwisha, hewa ikishalingana kila kipande na jirani yake, je, inakuwa kimya? Karibu. Molekuli zinaendelea kuigonga ngoma ya sikio lako kutoka pande zote mbili, na migongano hiyo haisawaziki kikamilifu kila mara, kwa hiyo kanieneo inaendelea kuyumba kwa kiasi cha sehemu chache za milioni za paskali moja. Sauti dhaifu kabisa ambayo sikio zima huweza kuisikia ni ya sehemu 20 hivi za milioni za paskali moja. Masikio yetu yangekuwa makali mara kadhaa zaidi ya yalivyo, usiku wa Tanga usio na ngoma wala fidla ungekuwa na mvumo wake wenyewe usiokoma.